Kuwazuia na Kuwaangamiza Wadudu wa Nafaka Kavu katika Nyumba ya Nairobi

Januari inapofika na watu kurejea Nairobi kutoka mashambani, mabasi na matatu huingia mjini na mizigo ya aina moja: nusu gunia la mahindi, debe la maharagwe, mfuko wa njugu, na pengine wimbi ya uji wa watoto. Mzigo huo hupandishwa ngazi hadi orofa ya tatu au ya nne, ukawekwa nyuma ya mlango wa jikoni, ukasahaulika. Kufikia Machi, mwenye nyumba huona vumbi jeupe limezunguka chini ya gunia na vijidudu vyeusi vyenye pua ndefu vikipanda ukutani, naye husema kwamba wadudu wameingia. Kwa kawaida hawakuingia. Aliwabeba mwenyewe, wakiwa mayai na mabuu ndani ya punje zilizoonekana nzima, na wale anaowaona Machi ni watoto na wajukuu wa wale waliopanda basi pamoja naye.

Ukilielewa jambo hilo utaelewa pia kwa nini kuanika peke yake hakutoshi, kwa nini majani yanayotiwa ndani ya mkebe hayasaidii sana, na kwa nini mpangilio wa hatua zifuatazo haupaswi kubadilishwa: kukagua, kukausha, kuua waliofichika, kisha kufunga pasipopita hewa. Anayefunga kabla ya kukausha atafuga ukungu, na anayekausha bila kufunga atarudia kazi yote baada ya miezi miwili.

Wadudu unaopambana nao

Fukusi wa mahindi na wa mchele hutambulikana kwa pua iliyochongoka kama mkonga. Jike hutoboa punje kwa pua hiyo, hutaga yai moja ndani ya tundu, kisha huliziba tundu kwa utomvu wake hivi kwamba jicho la kawaida halioni kitu. Buu huangukia chakulani, hula moyo wa punje, na hutoka akiwa mdudu kamili baada ya majuma matano hivi iwapo joto ni la nyuzi 27. Katika baridi ya Nairobi ya Juni hadi Agosti kazi hiyo huweza kuchukua miezi, na ndiyo sababu gunia lililoonekana salama wakati wa baridi hulipuka ghafla jua linaporudi.

Dumuzi ni mwingine. Hana pua ndefu. Ana umbo la risasi, kichwa kimeinamia kifuani, na anachoacha si tundu moja bali unga mtupu. Asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuingia Kenya kupitia upande wa Taita na Taveta mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anatoboa mbao, na anaweza kutoboa plastiki nyembamba pia, jambo ambalo nitalirudia.

Maharagwe, kunde na ndengu zina wadudu wao, ambao watu huwaita fukusi vilevile ingawa ni jamii tofauti: wafupi, wanene, wa rangi ya kijivu au kahawia. Mdudu huyu akishakomaa hali tena maharagwe. Huishi siku chache, hutaga na kufa. Madhara yote hufanywa na buu. Katika unga, hasa wa ngano, kuna mbawakawa wadogo wekundu ambao hawawezi kutoboa punje nzima lakini hustawi palipo na punje zilizovunjika na vumbi; wakizidi, unga hupata harufu kali na wekundu hafifu. Kuna pia nondo, ambao viwavi wao hufuma utando katika njugu, ufuta, unga na matunda makavu, kisha hupanda hadi pembe za dari kujifungia vifukoni mwao. Ukiona vipepeo vidogo vya rangi ya shaba vikiruka jikoni usiku, usipoteze muda na taa. Tafuta mfuko uliosahaulika.

Hatua ya kwanza: kagua kabla ya kulipa

Ukinunua Nyamakima, Gikomba au katika kibanda cha mtaani kwako, muuzaji atachota gorogoro kutoka juu ya gunia, na juu ndipo nafaka ilipo safi. Mwombe kwa heshima akuruhusu kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Gunia lenye wadudu wengi huwa na uvuguvugu katikati, kwa sababu wadudu wanapumua na kutoa joto, na mkono wako utatoka na vumbi laini kama poda. Gunia salama huwa na ubaridi wa ndani unaofanana na wa sakafu ya saruji.

Kisha mwaga konzi moja juu ya karatasi nyeupe, uiweke juani kwa dakika moja au mbili. Wadudu wazima hulikimbia joto na utawaona wakitembea. Kwa kunde na ndengu, geuza punje moja moja: vidoa vyeupe vidogo vilivyogandishwa juu ya ganda ni mayai. Kwenye maharagwe ya kawaida mayai mara nyingi hulazwa huru kati ya punje na huwezi kuyaona, hivyo tafuta kile ambacho mimi hukiita dirisha: duara dogo lenye rangi iliyofifia, kana kwamba mtu ameukwangua upande wa ndani wa ganda kwa ncha ya sindano. Lisukume dirisha hilo kwa ukucha. Likifunguka kama kifuniko cha sufuria, mdudu amekaa nyuma yake akingoja siku yake. Tundu lililo wazi maana yake amekwisha kutoka, na wenzake bado wamo.

Niliwahi kumuuliza muuza njahi mmoja, "Mama, hizi ni za msimu huu?" Akanijibu, "Ni mpya kabisa, mwanangu, zimeingia jana." Sikuwa na shaka naye, zilikuwa zimeingia jana. Kuingia sokoni jana hakumaanishi kuvunwa jana, na swali bora ni kuuliza zilikaa ghala gani, na kwa muda gani, kabla ya kufika Nairobi.

Kwa unga na mchele wa pakiti, tazama kona za pakiti na mshono wa chini, kwa kuwa ndipo matundu madogo na nyuzi za utando huanzia.

Hatua ya pili: usichanganye mzigo mpya na wa zamani

Mzigo wowote unaoingia nyumbani, hata zawadi kutoka kwa mama mkwe, ukae peke yake kwa siku chache ndani ya mfuko uliofungwa, mbali na kabati la vyakula. Katika siku hizo upepete kwenye ungo au uteo, uondoe takataka, punje zilizovunjika na zilizotobolewa. Usione punje zilizovunjika kuwa hasara ndogo ya kubakizwa. Ndizo mlango wa mbawakawa. Makapi yatiwe ndani ya mfuko wa plastiki, yafungwe na kutolewa nje siku hiyohiyo. Pipa la taka lililo wazi jikoni hugeuka kuwa kitalu.

Hatua ya tatu: hakikisha ukavu

Mahindi yanayowekwa muda mrefu yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na maharagwe hali kadhalika. Wengi wetu hatuna kipimo, lakini chumvi ipo kila nyumba. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, tia nafaka hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi laini iliyo kavu, funga, na utikise kwa dakika mbili hivi. Iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na nafaka inahitaji kuanikwa zaidi; chumvi ikianguka yote chini, unaweza kuendelea. Kipimo hiki hakikupi nambari kamili, ila kinakuzuia kufanya kosa kubwa.

Kosa hilo kubwa ni kufungia unyevu. Ukungu unaotoa sumukuvu hukua katika nafaka yenye unyevu, na sumu hiyo haiondolewi na kupika. Mwaka 2004 watu 125 walifariki nchini Kenya, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo tofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: nafaka iliyotobolewa na wadudu wachache huweza kupetwa, kuoshwa na kuliwa, lakini nafaka yenye ukungu, yenye harufu ya uvundo au iliyobadilika rangi haifai kuliwa, wala haifai kupewa kuku, wala ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hupita ikaingia katika maziwa.

Anika juu ya turubai au mkeka, kamwe si juu ya udongo au saruji tupu. Katika majengo mengi ya Nairobi mahali pazuri ni juu ya paa, penye kamba za nguo. Zungumza na msimamizi wa jengo mapema, na umwombe pia akuhakikishie kwamba hakuna atakayefua blanketi siku hiyo. Julai, mawingu yanapokaa juu ya mji mchana kutwa, ni afadhali kuiacha nafaka mashambani hadi ikauke huko.

Hatua ya nne: ua wale usiowaona

Hapa ndipo watu wengi huruka. Kuanika huwafukuza wadudu wazima tu, ambao huenda kwa jirani, ilhali mabuu walio ndani ya punje husalia pale walipo. Kuna njia mbili za nyumbani zinazowafikia.

Njia ya kwanza ni friza. Gawa nafaka katika mifuko ya kilo moja au mbili, ifunge, na uiweke katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne kamili; mfuko mkubwa zaidi uupe wiki nzima, kwa maana baridi huchelewa kufika katikati. Sehemu ya kawaida ya friji, yenye nyuzi nne hivi, huwalaza wadudu tu. Njia hii inafaa kwa njugu, unga, omena, simsim na maharagwe ya jikoni. Omena hasa ningekusihi usiiweke kabatini bila kuipitisha humo, kwa kuwa mbawakawa wa samaki wakavu huhamia haraka kwenye vyakula vingine.

Sharti moja lizingatiwe: mfuko ukitoka ndani ya friza usifunguliwe mpaka upate joto la chumba, jambo linaloweza kuchukua nusu siku au zaidi. Nililijifunza hili kwa njahi. Niliufungua mfuko ukiwa bado wa baridi, nikazimimina ndani ya mkebe, nikafunga kwa furaha. Unyevu wa hewa uliganda juu ya kila punje kama jasho juu ya chupa ya soda, na baada ya majuma matatu nilipofungua nilikuta manyoya ya kijivu. Wadudu walikuwa wamekufa wote. Njahi nazo zilikuwa za kutupa.

Njia ya pili ni joto. Mabuu wa kunde na maharagwe hufa nafaka ikifikia nyuzi 57 na kudumu hapo kwa saa moja. Tanuri nyingi za jikoni haziaminiki katika joto la chini kiasi hicho, lakini jua la Januari na Februari linatosha ukilisaidia. Tandika blanketi kuukuu au magunia matupu ili joto lisipotelee sakafuni, juu yake weka plastiki nyeusi, tandaza kunde kwa unene wa kidole kimoja au viwili, kisha funika kwa plastiki angavu na ubane kingo zote kwa mawe. Anza saa tano asubuhi, uache hadi saa tisa alasiri. Ukifunua na kugusa, unapaswa kushindwa kuacha mkono. Pepea nafaka mpaka ipoe kabisa kabla ya kuifunga. Mbegu za kupanda usizifanyie hivi, kwa kuwa joto huweza kupunguza uotaji wake.

Asiye na friza wala paa anaweza kutumia ujanja mmoja kwa maharagwe ya kawaida. Buu mchanga anapotoboa ganda huhitaji kujiegemeza kwa punje ya jirani, na kazi hiyo humchukua muda mrefu. Ukiyaweka maharagwe katika ndoo isiyojaa na kuiviringisha asubuhi, mchana na jioni kila siku, buu hupoteza tundu lake kila mara na hufa kwa uchovu na njaa. Watoto huipenda kazi hii kwa siku mbili za kwanza.

Hatua ya tano: funga pasipopita hewa

Wadudu wanapumua kama sisi. Ukiwafungia mahali ambapo hewa haiingii, huitumia oksijeni iliyomo mpaka ishuke kiasi kwamba hawawezi kula wala kuzaana, na hatimaye hufa. Teknolojia ya mifuko ya PICS, yaani mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, ilianzia kwa wakulima wa kunde wa Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, na leo mifuko ya aina hiyo inapatikana katika maduka ya pembejeo nchini. Ndani kuna mifuko miwili ya plastiki nzito, nje kuna gunia la kawaida la kulinda.

Kabla ya kuujaza, puliza kila mfuko wa ndani na ukaze mdomo. Hewa ikitoka, una tundu. Jaza, tikisa nafaka ishuke, acha shingo ndefu, kisha sukuma hewa yote nje kwa viganja kuanzia chini kwenda juu. Sokota shingo ya mfuko wa kwanza, ikunje, uifunge kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Fanya vivyo hivyo kwa wa pili, kisha gunia. Ukifunga yote kwa pamoja kwa kamba moja umeharibu kazi. Iwapo mahindi yalikuwa na dumuzi, yaanze kwa kupetwa vikali, kwani huyu ndiye niliyesema hutoboa plastiki.

Kwa familia ya mjini, hata hivyo, gunia la kilo 90 lina kasoro: kila unapolifungua kuchota githeri ya Jumamosi, unawapa wadudu pumzi mpya. Mimi napendelea mitungi ya lita 20 iliyokuwa na mafuta ya kupikia. Ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ikaushwe juani siku mbili ikiwa imeinamishwa, ijazwe hadi mdomoni huku ukiigonga chini ili nafaka ishuke, na kifuniko kikazwe juu ya kipande cha plastiki. Neno muhimu ni kujaza. Mtungi uliojaa nusu una hewa ya kutosha kuwafuga wadudu kwa muda mrefu. Wengine huwasha mshumaa juu ya nafaka ili umalize oksijeni. Mshumaa huzimika ingali ikibaki asilimia 16 hivi, kiasi ambacho fukusi hakioni kuwa dhiki. Fungua mtungi mmoja kwa wakati mmoja, na mingine usiiguse.

Gunia au mtungi usikae sakafuni wala usiegemee ukuta. Uinue kwa mbao. Panya mmoja hutosha kufuta kazi ya mwezi.

Unga nao usiuhifadhi, uusage kidogokidogo. Unga wa kinuni usiokobolewa una mafuta ya kiini cha hindi, huchacha ndani ya majuma machache hata pasipo mdudu hata mmoja.

Iwapo umechelewa

Ukikuta wadudu kabatini, toa kila kitu, pamoja na viungo vya pilau na chakula cha paka. Pakiti za unga zilizoshambuliwa zitupwe zikiwa zimefungwa. Nafaka nzima zenye wadudu wachache zipetwe, zipite hatua ya nne na kufungwa upya. Maharagwe yenye matundu yaelee kwanza katika maji ya chumvi. Yanayopanda juu yatupwe. Kisha rudi kwenye kabati lenyewe: kwangua nyufa na matundu ya misumari kwa kijiti, futa kwa maji ya sabuni, acha likauke siku nzima. Usinyunyizie dawa ya mende mahali ambapo chakula kitarudi.

Dawa ya unga ya kuchanganya na nafaka nimeiacha mwisho kwa makusudi. Inafaa kwa magunia ya mahindi au maharagwe mazima yatakayokaa miezi kadhaa, si kwa mchele, unga au chakula cha wiki ijayo. Nunua pakiti iliyofungwa, yenye nambari ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu nchini Kenya, na maelezo ya nafaka inayohusika; kipimo cha kawaida cha nyingi ni gramu 50 kwa gunia la kilo 90, lakini lebo ndiyo ya kufuatwa, pamoja na muda wa kungoja kabla ya kula. Changanya nje, ukivaa glavu na barakoa, na uoshe nafaka kabla ya kupika. Anayependelea kitu kisicho kemikali aulize unga wa diatomaiti wa kuhifadhia nafaka. Mwamba wake huchimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil, nao huua kwa kunyonya nta ya ngozi ya mdudu mpaka akauke. Barakoa ni ya lazima hapo pia.

Vidonge vya gesi visiingie kabisa katika nyumba ya kukaa watu. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa fosfini, gesi inayopita chini ya milango na katika nyufa za kuta hadi chumba cha jirani aliyelala, na hakuna kitambaa cha puani kinachoizuia. Kazi hiyo ni ya wataalamu wenye leseni, katika maghala yasiyo na wakazi.

Ukimaliza kufunga, andika tarehe na jina la nafaka juu ya kila mtungi. Baada ya siku 40 chukua tochi, uinamie mtungi mmoja bila kuufungua, na uangalie sehemu ya chini kupitia plastiki: ikiwa hakuna vumbi jeupe lililotulia pembeni, uache hadi zamu yake ifike.